Namba Nne, Kitanda cha Chini

Ngazi za mbao sabini na mbili, nilizihesabu
nikiwa na mkate, jibini na pajama za Valeriani
ambazo hospitali ilisema hatazihitaji wiki hii.
Msichana wa mapokezi, pete puani, akaniuliza:
Bibi, unajua chumba ni cha watu wanane?
Nikamjibu nimelea wanne katika vyumba viwili
kule Chiatura; wanane si umati.
Akanipa shuka, kufuli, namba nne.

Juu yangu kijana Mkorea, nyayo zikining'inia
kama soksi zilizoanikwa.
Dirishani Wapolandi wawili wakikausha viatu kwa mashine ya nywele.
Na namba saba, Bachana, fundi vigae wa Zugdidi,
aliyenisalimu kwa kuinua sufuria,
akalala kabla ya saa tatu
na kuanza kukoroma.

Lori la kokoto, gia mbovu, linapanda mlima,
linafika kileleni, linanyamaza
(chumba kizima kinabana pumzi)
halafu linaporomoka upande wa pili.
Wapolandi wakaziba masikio kwa nta.
Mtu akarusha kiatu gizani, akakosa.

Asubuhi jikoni wakanitazama kwa huruma:
pole, mama, na umri huo.
Nikakata jibini, kimya.
Ningewaambiaje kwamba nililala fofofo,
mara ya kwanza tangu gari la wagonjwa?
Miaka thelathini na minane nimemchoma Valeriani kiwiko ubavuni,
geuka, geuka wewe, utaniua.

Ijumaa Bachana akapata kazi Batumi.
Aliacha nusu chupa ya mchuzi wa plamu, jina lake juu ya kizibo.
Usiku ule chumba kilisherehekea kwa minong'ono,
kisha wote wakalala kama watoto waliotoka kuogeshwa.

Mimi nikasikiliza friji ya ukumbini.
Nikasikiliza mlevi barabarani akimwita Lamara,
na Lamara asiitike.
Saa tisa simu ikashuka kutoka juu, inang'aa,
ikasema kwa Kijojia cha mashine:
Bibi. Unaumwa?

Nikaiambia simu: siumwi.
Nina kiwiko tu, hakina pa kwenda.

Sijui ilimtafsiria nini.
Alicheka kidogo, au alikohoa,
akageukia ukutani, kitanda kikalia kwii,
kikalia tena,
nami nikawa nahesabu.