Kulipia Kufuli

Siku ya arobaini alinijia dukani
na simu ya marehemu ndani ya kitambaa cha mkate,
mikono ikinuka ngano na sukari
waliyogawa makaburini asubuhi.
"Wewe ni fundi," akasema Bi Radostina. "Fungua."

Mimi hubadili vioo. Hubadili betri.
Dirisha langu latazamana na mlango wao,
ambako Zhelyu amebandikwa kwa gundi,
ndiyo desturi yetu hapa Plovdiv:
picha, jina, miaka sitini na mitatu,
uso hadharani, mvua ikiupiga.

Simu ilifunguka kwa tarakimu nne.
Kasha la barua likagoma.

Tukajaribu Sharo, mbwa aliyekufa.
Namba ya gari lao la kwanza.
Jina la mtaa aliozaliwa, kwa herufi kubwa, kwa ndogo.
Tukajaribu tarehe ya harusi,
nayo ilipokataliwa akaketi,
akaitazama simu kama mtu aliyesengenywa.

Niliandikia kampuni, huko kwenye milima yao.
Jibu likaja siku ya pili, lina adabu, limenyooka kama rula:
Poleni kwa msiba. Ufunguo hatuna.
Hatukuwahi kuwa nao.
Barua zilisimbwa mkononi mwake
kabla hazijatufikia.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata tumeifukia, kule, upande wa reli.

"Basi hao ni wezi."
"Mwizi angeweza kufungua," nikamwambia.

Lakini kichwa cha barua hakisimbwi.
Hubaki nje ya sanda, kiwiliwili tu kimesitiriwa.
Tukasoma vichwa, yeye bila miwani, mimi kwa sauti ya chini:
Risasi mtoni, vipimo vya Machi.
Picha za bomba, usiku.
Usije ofisini.
Stakabadhi ya dawa ya miguu.
Na moja ambayo haikutumwa:
Kwa Rado, kuhusu pesa za paa, na jambo jingine.

Paa twalijua, linavuja.
Jambo jingine tulikaa nalo mpaka chai ikapoa.

Zhelyu alikuwa mhasibu wa kiwanda cha betri.
Risasi aliyoiandika ni ile ya madini,
ile inayokaa kwenye damu ya watoto kimya kimya;
ila neno ni moja, na mimi nilifunga pazia.

Februari wakaja wawili na karatasi ya mahakama.
Kampuni ilikuwa imewapa ilichonacho:
saa ya mwisho ya marehemu kuingia,
kumi na moja na dakika kumi na saba, alfajiri.
Basi.
Yule kijana akaniuliza kama kuna njia.
Nikasema mimi hubadili vioo.

Jioni Bi Radostina akaleta banitsa ya moto.
"Mlango ule ule," akasema, "na wao umewafungia,"
akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.
Kisha akanyamaza.
"Saa ile aliniambia anakwenda kulisha njiwa."

Usiku mmoja wa Novemba huduma ilizimika saa sita nzima.
Alishuka ngazi na koti juu ya gauni la kulalia:
"Zimepotea?"
Seva zinaumwa, nikasema, tungoje.
Tukangoja. Zikarudi zote,
elfu moja mia mbili na sita,
akazihesabu kwa kidole kwenye kioo
kana kwamba ni kuku wa kurudi bandani.

Usipolipa mwaka, hufutwa.
Kwa hiyo kila Oktoba hunimwagia sarafu mezani,
nami hulipa kwa kadi yangu.
Paa bado linavuja. Nimemwambia.

Leo, tukiwa tunahesabu, simu ikatetemeka.
Barua mpya, anwani tusiyoijua,
mwili umefungwa, kichwa kiko nje:
Bado upo?

Akanitazama mimi, halafu mlango ng'ambo ya barabara,
pale karatasi ya mwaka imebandikwa juu ya ile ya arobaini.

Nikaiweka simu kwenye chaji.