Saa Kumi na Moja na Robo

Baada ya ule wizi wa Aprili
bodi ya chama cha akiba, Tukuyu, wakanipigia:
"Tuwekee mlinzi, kijana. Asiyesinzia."
Nikajifungia chumbani Mwanjelwa, koti mwilini,
Loleza imejitanda ukungu hadi kiunoni,
nikaandika mistari mia mbili kasoro.

Kila anayeingia anaandikwa:
jina, dakika, simu aliyoshika.
Akija kwa simu ngeni, au saa za wanga,
barua pepe inanifikia kabla hajakaa.

Mwanzoni sikulala.
Ambakisye mhasibu, saa saba usiku!
Nikampigia natetemeka. Kumbe
anasaka shilingi mia nne zilizogoma kulingana.
Lusajo, simu mpya.
Lusajo tena, simu ya mkewe.

Na Bibi Subilaga wa Masoko,
mwanachama namba sabini na tatu:
saa kumi na moja na robo, kila alfajiri,
anaingia, anatazama salio, anatoka.
Haweki, hatoi. Sekunde arobaini.
Siku ya mkutano nikamuuliza anatafuta nini.
"Nazijulia hali tu.
Mwenye ng'ombe haamki akamchungulia zizini?"
Nikamfundisha mlinzi asimbwekee.

Wiki hii mvua haijapumzika.
Jana nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa
kwenye daftari la mashine, nikakuta
saa kumi na moja na robo, pengo.
Juzi, pengo.
Jumatatu, pengo.
Barua hakuna. Taa ya kijani. Mfumo salama.
Nilimfundisha kumjua anayeingia vibaya;
asiyeingia
sikumfundisha.

Namba yake haipatikani.
Labda nguzo ya umeme imelala Kiwira,
labda yuko Kyela kwa binti yake,
labda simu imelowa, iko ndani ya debe la mchele.
Nimeongeza mstari mmoja, mfupi:
akikosa siku mbili, niamshe.
Bodi wakiuliza ni wa kazi gani
sijui nitaujaza vipi kwenye ankara.

Saa kumi na moja na dakika kumi.
Nimekaa mbele ya kioo kama mtu aliyebisha hodi.
Na ishirini.
Na nusu.

Buti zangu bado mbichi tangu juzi.
Nazivaa hivyo hivyo.
Nikifika nitasema ugonile,
nitasema nilikuwa napita tu.