Kushoto Kwenu

Basi letu lina viti ishirini na vinane
na kipaza sauti kinachokohoa kabla Iraci hajatamka neno.
Mimi ni dereva. Mji huu wa Foz nauona kwa vioo,
kinyumenyume, ukinikimbia.
Utani wake naujua kwa gia:
gia ya tatu, ule wa kasisi na kasuku;
gia ya pili, tukikaribia msikiti,
"Kuvua viatu si kazi, kazi ni kukumbuka vyako ni vipi."
Wanacheka. Kila siku watu wengine, kicheko kilekile.

Kulia kwenu, duka la Nazih.
Babu yake alishuka hapa na marobota ya vitambaa
akidhani amefika São Paulo,
na alipoambiwa ukweli alikuwa ameshauza nusu.
Nazih anatupungia bila kutazama, anapima sukari,
anaiita sukari, na mteja wake Mguarani
anatikisa kichwa: ongeza.

Kulia tena, hekalu la Wabudha.
Sanamu zimejipanga juani kama wanafunzi waliochelewa.
Bi Hsiu-lan anafagia majani kati yao,
anazunguka kila goti la jiwe kwa heshima.
Yeye hatajwi. Kwenye karatasi ya Iraci hayumo.

"Upande huu, mabibi na mabwana, tunakula kwenye meza.
Kule ng'ambo, Paraguai, wanakula kwenye mesa.
Mpaka wenyewe ndiyo hiyo zeta moja. Msiogope."
Huu ndio utani wake ninaoupenda,
ingawa mimi zeta hiyo nimeipangia foleni saa nne
na tairi moja la akiba kichwani.
Ina kibanda. Ina mhuri. Ina kijana wa miwani myeusi
anayekukunjulia chupi zako mbele za watu.

Kisha daraja.
Alhamisi, saa nne na dakika kumi, jua halina adabu.
Pikipiki zinapenya kama sindano kwenye gunia,
na kando ya reli watembea kwa miguu,
mabegi ya miraba, mabegi yenye miguu tu chini yake.
Iraci alikuwa kwenye mita za urefu,
akielekea kwenye mwaka wa ujenzi,
akanyamaza.
Kipaza sauti kikakohoa chenyewe.

"Kushoto kwenu," akasema,
"yule mwenye kofia ya njano, aliyezidiwa na begi,
ni mama yangu.
Amebeba blanketi.
Jana aliniapia kwamba goti limepona."

Kamera zote zikahamia kushoto. Nilihisi basi likiinama.
Nikapiga honi. Ujinga mtupu:
darajani nani hapigi honi?
Bi Eulogia hakugeuka. Alihamisha begi bega hadi bega,
akaendelea na hatua fupi za mtu anayezihesabu,
lori la vitunguu likamfunika.

"Futeni," Iraci akasema.
Kwa Kireno, kwa Kihispania,
kisha kwa Kiguarani, ambacho ndani ya basi
tulikijua yeye na mimi tu.
Wengine walifuta. Kiooni nilimwona bwana wa kiti cha kumi na moja
akiikuza picha kwa vidole viwili,
akikuza, akikuza,
mpaka kofia ikawa rangi tu, njano, haina mwenyewe.

Mzunguko tuliumaliza. Pale mito inapokutana
walipiga picha maji, wakala chipa za moto,
mtoto mmoja akauliza nchi ya tatu iko wapi
na Iraci akamwonyesha kwa kidevu, kama kawaida.
Hakuruka hata utani mmoja.

Gerejini, akifuta kipaza sauti kwa ukosi wa shati, aliniuliza:
"Wewe unakaa juu, unaona vizuri.
Blanketi zilikuwa ngapi?"
Sikuwa nimehesabu. Begi lilikuwa limetuna kama mkate.
Nne, nikasema.
Nne, tena nyembamba.