Sababu ya Kumchukua

Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja mtupu:
Sababu ya kumchukua.
Masalu akaomba kalamu, akaandika PANYA
kwa herufi kubwa, kama anajaza hati ya polisi.
Limi akasimama kwa ncha za vidole, akasoma,
akanuna.

Dada Nyangeta, mwenye kile kituo cha Buswelu,
hakubishana na mwenye kalamu.
Alifungua kizimba cha kumi na nne
akamtoa paka wa rangi ya uji wa ulezi,
sikio moja limeliwa nusu,
mkia umepinda kama msumari uliong'olewa.
"Huyu tulimwokota mwaloni Kirumba,
chini ya meza za dagaa.
Ana miaka sita, au saba. Hachezi.
Watu huja, humtazama, huondoka na vitoto."

"Huyu," akasema Limi.
Akampa jina tungali kwenye bajaji: Furu,
kisamaki cha enzi za bibi yangu,
ambacho sangara alikila
hata kikabaki zaidi kwenye masimulizi.

Nyumba yetu imekalia jiwe, huku juu Igogo,
ngazi sitini na mbili toka bombani.
Furu alipofunguliwa boksi
hakulitazama ziwa, ambalo wageni hulisifia kabla ya kukaa.
Aliingia chini ya kabati la vyombo
akawa macho mawili.

Siku ya kwanza, macho.
Siku ya pili, macho, na sahani iliyolambwa usiku.
Limi akahamishia mkeka sakafuni,
akamsomea daftari la Sayansi,
akampangia dagaa mmoja mmoja kama reli
kutoka kabatini hadi gotini pake.
Siku ya tisa akaninong'oneza:
"Mama, labda hajui kwamba tumemchukua."

Na panya? Walipita darini
kama mbuzi wanaokwenda mnadani.

Sasa niseme ambalo sijamwambia mtu.
Masalu hufanya zamu ya usiku kiwanda cha minofu.
Mwaka wa kumi na moja huu anachuna sangara.
Harufu imemwingia kwenye kucha,
kwenye kitabu cha benki, kwenye mto wa kulalia.
Nilimwekea sheria tulipooana:
ndoo nyuma ya nyumba, sabuni, limau,
ndipo salamu.
Hajawahi kulalamika.
Kila alfajiri nasikia maji yakimwagika mwambani
nami nageukia ukutani,
namsubiri mume asiye na harufu.

Siku ya kumi na mbili
maji hayakumwagika.

Nikasubiri. Nikatoka, khanga begani, limau mkononi.
Masalu amekaa kwenye ngazi ya juu, buti zingali miguuni,
na Furu, yule yule wa chini ya kabati,
yuko mapajani pake, anamlamba kidole baada ya kidole,
ananguruma kama cherehani ya mguu.
Na mwanamume aliyeandika PANYA
hathubutu hata kujikuna.
"Usimwambie Limi," akasema.

Limi alikuwa mlangoni.

Uso ulimshuka, sitaficha.
Siku kumi na mbili za mkeka na dagaa!
Akameza kitu. Akasogea.
"Baba, usioge. Nipe mikono."
Akasugua viganja vyake kwenye viganja vya babaye,
mbele na nyuma, kama anayejipaka mafuta,
kisha akanyoosha vidole.
Furu akanusa.
Akafikiri, alichukua muda wake kufikiri.
Akalamba.

Panya mmoja akapita juu ya ukuta bila haraka.
Hakuna aliyemjali.
"Sogeeni," nikasema, nikajibana kati yao,
shavu langu kwenye bega lenye chumvi na magamba.
Limau likaniponyoka,
likabiringika ngazi kwa ngazi kuelekea bombani.
Lile sikio nusu likageuka kulisikiliza.
Mwenyewe hakuondoka.