Nukta Saba Tisa

Barke anisomea simuni, miwani yangu i jikoni:
"Nyota nne. Chumba kisafi, shuka zanukia asmini,
mwenyeji mkarimu kupita kiasi.
Ila paka. Kwenye picha hakukuwa na paka."

Paka!
Kibokoni nzima, ni nani apigaye picha ya ukuta
asipate mkia?
Wangaliniambia mapema, ningaliwapanga foleni watabasamu.

Naye hakuandika Jumanne ile mfereji ulipokohoa upepo,
nikamwita Mwakio na mkokoteni wake,
mitungi minane, ngazi thelathini na moja,
goti langu la kushoto likihesabu moja moja,
ili yeye afungue shawa, aoge, aimbe.
Na aliimba. Nilimsikia.
Kuimba hakuna nyota.

Wa kale walisema siku ya tatu mgeni mpe jembe.
Siku hizi, ya tatu, mgeni ndiye mwenye jembe
nami ndimi shamba.

Barke anieleza taratibu, kama nesi:
"Shangazi, tulikuwa nne nukta nane.
Sasa ni nne nukta saba tisa.
Ukishuka chini ya nane beji yavuliwa,
nyumba yateremka chini ya yale maghorofa ya Nyali yenye bwawa."
Hicho kisehemu kimoja cha mia, nikakitafute wapi?
Chini ya kitanda nilifagia.

Tangu hapo natabasamu mlangoni
kwa meno nisiyojua kuwa ninayo.
Mahamri, iliki isizidi, yupo aliyelalamika.
Iliki isipungue, yupo aliyelalamika.
Muadhini siwezi kumpunguza sauti.

Ila yupo mmoja, Chepkirui, wa Kericho.
Alifika usiku kwa tuktuk, mkoba mmoja, akalala kutwa.
Jioni akateremka jikoni,
akaketi juu ya mbuzi yangu bila kuulizwa,
akakuna nazi, vibaya, vibaya sana, hadi kwenye kifuu,
akaniambia mamake wamemzika Ijumaa.
Tukala wali. Hatukusema mengi.
Alipoondoka aliacha shuka zimekunjwa
pembe kwa pembe, kama bahasha.
Hakuandika neno.
Barke asema asiyeandika hahesabiwi.

Haya. Sasa simu yanigeukia mimi:
Je, ungempokea Henrik tena? Nyota ngapi?
Kidole changu kina manjano, nakifuta kwa leso.
Naikumbuka sigara aliyoizimia
katika kikombe cha marehemu mume wangu.
Naukumbuka mlango aliousahau wazi hadi alfajiri.
Kisha namuona huko kwao, kwenye baridi,
simu i mkononi, akingoja kujua
kama yeye ni mtu wa kufunguliwa mlango.

Nikabonyeza tano.
Barke akaguna.
"Na maoni?"

Andika: paka walimpenda.