Mpira wa Katikati

Waliniuliza Jumamosi, Jangwani, tope likiwa bado kwenye soksi:
mbona mpira wa katikati kila mara wanatoka nao wao?

Si Ngwali. Msimsingizie Ngwali.
Refa akiudunda, lile refu likiruka, kiganja chake hufika kwanza,
na lile yai la ngozi la Waaustralia
huteremka kama lilivyoagizwa.
Shida iko chini.

Chini tuko watatu na tunakimbilia unyayo mmoja:
Sefu, Kulwa, mimi,
tunagongana kama nazi kwenye gunia,
na jamaa wa Upanga, aliyekuwa kasimama pembeni
kama mtu anayesubiri chenji yake,
anaokota, anapiga,
tunasikia shangwe golini kwetu.

Nina daftari. Mara ishirini na tisa umedundwa.
Mara saba tumetoka nao,
na kati ya hizo saba, mbili ni bahati ya mvua.

Kocha Kisanga anasema: mmoja abaki nje, asubiri.
Nani?
Sisi tumelelewa Tandika,
maji ya bomba yalikuwa ya aliyewahi;
ukisubiri, ndoo inarudi kavu.
Mguu unalijua hilo kabla ya kichwa.

Ila ule wa ishirini na tisa sikuuandika kwa haki.
Ngwali aliniangalia kabla hajaruka.
Aliniletea mimi, kifuani hasa.
Nikaona kiwiko kinakuja,
nikalikumbuka bega la mwaka juzi,
nikafumba macho.

Daftari linasema: Kulwa kachelewa.