Ua la Masale

Tuncay alikuja Moshi kuandika habari za kahawa,
jinsi wakulima walivyounganisha magunia
kabla ya kuunganisha siasa.
Miaka sabini na miwili, sigara haimtoki mdomoni.
"Ndugu" lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili,
akalitamka kama mtu aliyeokota
kitu chake kilichompotea zamani.

Zozan alikuwa KCMC, akishona watoto
waliozaliwa na mdomo sungura.
Kakulia Ujerumani. Kwao Diyarbakir.

Wote wanafunzi wangu, hapa Rau, barazani,
Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja,
mfongo ukipita nyuma ya migomba.

Nikawaambia: tungeni sentensi yenye "baadaye".
Tuncay akaandika: Nitakunywa chai baadaye.
Zozan akaandika: Walituambia lugha ya mama, baadaye.

Kalamu ya mzee ikasimama.

Hawakupandisha sauti. Mimi nimezoea ugomvi wa Majengo,
ule ambao hata sufuria hushiriki.
Huu ulikuwa wa watu waliosoma vitabu vilevile.

"Tulifungwa pamoja," alisema mzee,
"mimi na watu kama baba yako.
Mkate mmoja. Chawa walewale."

"Najua. Na siku ya wageni
mama yako alikuuliza kama unakula.
Bibi yangu alimtazama mwanawe robo saa, kimya.
Kituruki hakukijua,
Kikurdi askari alikikataza.
Kisha mkarudi seli moja,
usiku mkajadili matabaka."

"Tuliamini mapinduzi yakija
yote yatajinyoosha."

"Mliamini. Kwa Kituruki."

Nilitaka kuwarudisha kwenye somo,
koo langu likakataa.
Nilimwona mwalimu Ndesario, darasa la tatu,
yule aliyetokwa machozi akitusomea Azimio,
akinivika kibao shingoni
kwa kuwa niliomba maji kwa Kichaga.
Hakuwa mtu mbaya. Alitupenda
kama mtu anavyopenda taifa: wote kwa mpigo.
Leo nakula kwa Kiswahili, nakipenda hasa,
na mjukuu wangu hawezi kumwamkia nyanya yake
kaburini.

Sikuwaambia. Hayalingani.
Hakuna aliyechoma kijiji chetu,
hakuna aliyefungwa kwa kuimba harusini.
Lakini kamba ya kile kibao
naikumbuka ilipokuwa ikinikwaruza.

Alhamisi Tuncay akaja bila daftari.
Mkononi jani la isale, limefungwa fundo.
Kafundishwa na mlinzi wa ghala la kahawa.
Akaliweka mbele ya Zozan,
akabaki amesimama, na magoti yale mabovu.

Nikaeleza: kwetu ukiletewa isale
hukatai, hata kama kati yenu kuna damu.
Zozan akalinusa. Akatazama nje, uani.
"Si ndilo hili mlilopanda pale,
kati yako na jirani?"
Ndilo.
"Mpaka?"
Mpaka.
"Jani lilelile?"

Miaka yote hii nimepogoa lile ua,
na sikuwahi kuulizwa.

Lilelile, nikasema.

Hapo akamgeukia mzee, kwa Kiswahili,
akitafuta kila neno kwa mguu, kama mtu avukaye mto:
"Nyinyi mlileta la kusamehewa.
La mpakani mliling'oa.
Mnatuomba tupatane, sisi tukiwa nani?"

Tuncay aliketi. Akawasha sigara, akaizima.
"Sisi tuliogopa," alisema, "kwamba mkijua mpaka wenu
mtatuacha peke yetu na majenerali."
Kisha, polepole zaidi:
"Mkatuacha. Au tuliwaacha sisi.
Sijui tena nani alianza kuondoka."

Zozan hakusema nimesamehe.
Alilitia jani katikati ya daftari,
kwenye ukurasa wa viunganishi,
na, lakini, ingawa,
akalifunga.

Giza lilikuwa linaingia.
Ilikuwa zamu ya jirani kupata maji,
nikachukua jembe, nikawaacha pale na birika,
nikaenda kugeuza mfongo.